Ukuta Uliobaki Kwenye Kompyuta

Siku msanifu alipoingia uani na mashine yake ya miguu mitatu, mtu wa kwanza kumwona alikuwa wifi yake, na wifi yake akafunga dirisha. Hakulibamiza. Alilifunga taratibu, akashusha kitasa, akavuta pazia, kama mwenye duka anayefunga huku mteja amesimama mlangoni.

Msanifu alijifanya hakuona. Alitafuta mahali pa kivuli, akafungua miguu ya mashine, akaanza kazi.

Majengo yale yalijengwa na kiwanda cha nyuzi, enzi kiwanda kikiwa na nyuzi. Kiwanda kilipokufa, wafanyakazi walibaki, kisha watoto wao, kisha wapangaji wa watoto wao. Sasa zege lilikuwa limechoka. Ukipanda ngazi ukakohoa, unaangukiwa na mchanga. Halmashauri ikaamua majengo yashushwe, lakini safari hii haikutaka tingatinga liingie asubuhi na jioni liache kifusi. Ofisi ya msanifu ilipewa kazi ya kuyafungua. Milango, madirisha, mbao za paa, mabati, vyuma, hata matofali ya ndani, vyote vitolewe vikiwa vizima, vikajenge nyumba mpya kwenye kiwanja cha pili, kwa wapangaji walewale, kwa kodi wanayoiweza. Na hizo nyumba mpya nazo zikazwe kwa boliti badala ya kumwagiwa zege kila kona, ili siku zikichoka, mtu mwingine azifungue na kujengea zake.

Kwa kazi hiyo, kila kipande kilitakiwa kiingie kwanza kwenye kompyuta. Mashine ilizunguka katikati ya chumba ikipiga miale kwenye kuta, ikasoma kila kona, kisha msanifu akakijenga chumba hicho upya kwenye skrini. Hicho ndicho walichokiita modeli. Ukigusa mlango kwenye modeli, unaambiwa ni wa mbao gani, una upana gani, umeliwa na mchwa wapi, na utakwenda kufungwa nyumba ipi. Hapo ndipo bei ya nyumba ilipokuwa inashuka, maana kilichopo hakinunuliwi.

Haya yote aliyaeleza uani siku hiyohiyo, kwa sauti ya upole aliyokuwa ameifanyia mazoezi. Watu walimsikiliza wamekunja mikono.

"Kwa hiyo unatupima kabla ya kutuzika," alisema fundi cherehani wa ghorofa ya chini, ambaye alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya mlango akitia pindo kwenye sare ya shule. Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha kumkaribisha mgeni.

Kuanzia hapo akaitwa Dada Tepu, kwa tepu ya kupimia. Alipopita kwenye korido milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na waliomfungulia walisimama nyuma yake muda wote, macho mgongoni, kama vile mashine ingeweza kuondoka na sufuria. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba hakuwa mgeni. Alizaliwa palepale, ghorofa ya tatu. "Mtoto wa hapahapa," walisema akiwa bado anasikia, "ndiye wamemtuma aje atubomolee."

Na ghorofa ya tatu, kwenye nyumba aliyozaliwa, ndipo alipokuwa anakaa wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mke wa kaka yake, na pia mwenyekiti wa wapangaji. Walikuwa hawajasalimiana tangu msiba wa mama. Mama alimaliza miaka yake ya mwisho ndani ya nyumba ile, akiuguzwa na mkwewe, wakati binti yake, huyu msanifu, akifanya kazi mji wa mbali na kuahidi kuja mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwa haufiki. Alikuja siku ya maziko, akasimama chini ya turubai uani, mbele ya majirani wote, akaeleza kwa sauti nzuri ya mtu aliyesoma jinsi "tulivyomuuguza mama yetu". Wifi yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado na harufu ya dawa ya kusafishia vidonda, alilisikia hilo "tu" na hakulisahau. Jioni hiyohiyo msanifu aliondoka na gari la kukodi. Hakupanda hata ngazi kwenda kuangalia chumba cha marehemu.

Sasa alizipanda. Mlango ulikuwa na geti la chuma mbele yake, na geti lilikuwa na kufuli.

"Hodi."

Ndani, mtu alizima redio.

"Hodi hapa. Wifi, ni mimi."

"Najua ni wewe. Hapa hakuna mtu wa kupimwa."

"Ni muda mfupi tu. Nikimaliza naondoka."

"Kuondoka unajua. Hilo hatujawahi kukutilia shaka."

Mlango wa jirani ulikuwa umeachama kidogo, na kwenye upenyo kulikuwa na jicho.

"Nisipopima, nyumba yenu haitakuwemo."

"Haitakuwemo wapi?"

"Kwenye modeli."

"Basi usituweke. Ninyi kaeni kwenye modeli, sisi tutabaki huku kwenye maisha."

Jicho la jirani likacheka. Msanifu akabeba mashine yake akashuka, na kila ngazi aliyoikanyaga ilimpa tusi jipya ambalo hakulitamka.

Alimpigia simu kaka yake. Kaka alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa amani ambaye alipata amani hiyo kwa kutokuwepo nyumbani.

"Ongea na mkeo."

"Dada, nisikilize," kaka alisema, muungurumo wa injini ukimfunika nusu ya maneno. "Nimezaliwa na mmoja, nimeoa mwingine. Nikisema neno moja nalala kwenye lori mpaka nistaafu. Malizaneni."

"Kuna kitu chochote mlichobadilisha humo ndani?"

"Nini? Mtandao unakata." Na kweli ukakata, au yeye akaukata.

Ofisini, mkurugenzi alikuwa anaizungusha modeli kwenye skrini kubwa kwa furaha ya mtu aliyenunua gari. Majengo yote yalikuwa yamesimama pale, kila dirisha na rangi yake, isipokuwa tundu moja jeusi ghorofa ya tatu.

"Hapa vipi? Tatizo ni nini?"

"Wifi."

"Mtandao hausomi?"

"Mke wa kaka yangu."

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Msanifu hakucheka. "Zile nyumba zote ni pacha," mkurugenzi alisema alipotulia. "Nakili ya chini yake, bandika. Tuna kikao na wapangaji, halmashauri watakuwepo. Sitaki shimo kwenye ukuta."

Hakunakili. Hapo ndipo kiburi kilipomshika mkono. Kwa nini anakili nyumba ya jirani wakati ile aliijua kuliko mashine yoyote? Alikaa chini akaijenga kutoka kichwani. Aliweka ukuta wa jikoni na kidirisha chake cha kupitishia sahani. Aliweka stoo ndogo alimokuwa akijificha akikosea. Aliweka chumba cha mama, mwisho wa ujia mwembamba, na rafu ya baba juu ya mlango. Vipimo vilioana na vya nyumba za jirani, hata mashine isingemkosoa. Ikawa nyumba iliyochorwa vizuri kuliko zote kwenye modeli, na alipomaliza aliitazama akahisi utamu fulani usio mzuri. Ataiona, alijiambia. Aione, ajue hapa palikuwa pangu kabla hajajua hata barabara ya kufikia.

Kikao kilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa shule jirani. Mkurugenzi alisimama mbele na rimoti, modeli ikamulikwa ukutani kubwa kama jumba la sinema. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda vizuri. Watu walitambua madirisha yao, wakaonyeshana. Kisha maswali yakaanza.

"Mlango wangu unakwenda kwa nani?"

"Kwenye nyumba ya aina hiyohiyo, mama. Inaweza kuwa yako, inaweza kuwa ya mwingine."

"Mimi mlango wa yule siutaki," alisema mwanamke mmoja akimnyooshea kidole jirani yake bila kumgeukia. "Umesikia mengi."

"Na vyuma vilivyochoka huku, kule vitakuwa vimepumzika?" fundi cherehani aliuliza.

Mkurugenzi alijibu, akajibu tena, shati likaanza kumganda mgongoni. Ndipo mwenyekiti, aliyekaa mstari wa mbele na mkoba magotini, akasema bila kunyanyua sauti, "Tuonyesheni ya kwangu."

"Kwa furaha," mkurugenzi alisema, na alimaanisha, maana aliijua kuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Modeli ikapanda ghorofa ya tatu, ikapita mlangoni, ikaingia ndani. Kisha mnong'ono ukaanza nyuma, ukaja mbele kama maji yanayovuja.

Wifi alinyanyuka. Aliusogelea ukuta uliomulikwa, kivuli chake kikafunika nusu ya jiko.

"Huu ukuta ni wa nini?"

Aliyeulizwa hakuwa mkurugenzi. Msanifu akasimama. "Wa jikoni."

"Nani kakuambia upo?"

"Nimekulia humo."

"Huu ukuta haupo," wifi alisema. "Tuliuvunja mwaka mama yako alipoacha kutembea. Kitanda kilikuwa hakipiti kwenye huo ujia wako. Tukimbeba kwenda bafuni tunamgonga magoti, kwenda na kurudi. Kaka yako aliuvunja kwa nyundo, akaweka chuma juu. Mama yako alilala hapa," akaweka kiganja katikati ya jiko la mwanga, "karibu na dirisha, apate kuona uani. Hapa ndipo alipolala mpaka alipokufa. Kila mtu aliyemo humu alikuja kumwona hapa. Muulize yeyote."

Hakuna aliyehitaji kuulizwa. Walikuwa wanamtazama msanifu, na hakukuwa na huruma nyusoni mwao.

"Ulisimama uani ukasema tulimuuguza," wifi alimalizia. "Sasa ona ulichochora."

Akarudi kukaa, akaweka mkoba magotini. Mkurugenzi alijaribu kusema jambo kuhusu marekebisho madogo, lakini fundi cherehani alimkata. "Mimi nakaa chini kabisa ya nyumba hiyo. Ya kwangu mmeipima au nayo mmeikumbuka?" Na kikao kikavunjika kwa viti kuburuzwa, watu wakitoka bila kuaga. Mtu mmoja alimpita msanifu akamgonga bega, na haikuwa bahati mbaya.

Mkurugenzi alisubiri wafike ofisini, akasema mlango ukiwa wazi, wenzake wakisikia.

"Unajua mafundi wangeifuata hiyo modeli? Wangeondoa vitu kwa mpangilio wake. Wangeamini kuna ukuta umebeba sakafu ya juu, kumbe hakuna. Ungeua watu."

"Uliniambia ninakili. Nakala nayo ingekuwa na ukuta."

"Ingekuwa na ukuta, ndiyo. Lakini lingekuwa kosa la ofisi. Hili ni lako." Akavuta kiti chake. "Nenda kapime. Asipokufungulia, usirudi hapa."

Alikwenda asubuhi iliyofuata. Uani hakuna aliyemwita Dada Tepu, hawakumwita chochote. Wifi alifungua geti kabla hajabisha, kama aliyekuwa akimsubiri ili ammalize.

"Viatu nje. Usiguse kitu. Usiseme neno."

Msanifu alivua viatu. Alisimamisha mashine katikati ya chumba, pale ambapo kwenye skrini yake palikuwa na matofali, na mashine ikaanza kuzunguka. Mwanga ulimiminika kutoka dirishani mpaka sinki la jikoni bila kizuizi. Nyumba ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka. Juu, chuma kizito kilichopakwa rangi nyeupe kilivuka dari kutoka ukuta hadi ukuta. Chini ya dirisha, rangi ilikuwa imechubuka mstari mmoja mrefu, palipokuwa panasuguliwa na kichwa cha kitanda.

Akageuza uso upande wa mashine.

"Ukitaka kulia, kalie kwenye ngazi," wifi alisema kutoka jikoni. "Humu tulishamaliza."

Hakulia. Alifunga miguu ya mashine, akavaa viatu vyake kwenye korido. Alikuwa ameinama anafunga kamba pale sauti ya wifi ilipomfuata nje.

"Milango ya choo kwenye hizo nyumba zenu mpya ina upana gani?"

"Kama ya hapa. Ndiyo hiihii tunayoihamisha."

"Kwa hiyo mnatuhamishia shida ileile, mmeipiga msasa."

"Milango mipana itabidi inunuliwe, wifi. Bei itapanda. Kuna watu humu watashindwa."

"Na fundi cherehani je? Kila akitaka kuoga tumbebe kama gunia? Na mimi nikizeeka, nani atanibeba, wewe?" Akavuta geti. "Kapige hesabu zako vizuri."

Msanifu aliondoka amekasirika, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki. Lakini alipofika ofisini na kumimina vipimo vipya kwenye kompyuta, hasira ile ilipata pa kwenda. Chuma cha kaka yake hakikuwa kimenyooka. Kwa macho huoni hilo, hasa kikiwa kimepakwa rangi, ila mashine ilikuwa imeliona: katikati kilikuwa kimebonyea chini, na pale kilipoungwa kwa kulehemu kulikuwa na mstari mwembamba wa kivuli usiotakiwa kuwepo. Aliusogeza karibu mara kadhaa. Ulikuwa ufa. Juu ya chuma hicho kulikuwa na sakafu ya familia nyingine, na chini yake wifi yake alikuwa ameweka meza ya kulia.

Alirudi mchana huohuo na mafundi wawili na nguzo za chuma za kushikilia dari kwa muda. Wifi aliposikia habari za ufa alisimama getini, mkono mmoja huku na mkono mwingine kule.

"Jana ulikuwa na ukuta usiokuwepo, leo una ufa usiokuwepo."

"Chuma kimepinda. Mtoke kwenye hicho chumba sasa hivi mpaka tukishikize."

"Hicho chuma kaweka mume wangu kwa mikono yake. Alikitoa kwenye lori lililokufa, akakibeba mabegani mpaka huku juu. Ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi, nimekuuliza."

"Sikuwepo," msanifu alirudia, na safari hii hakuongeza sauti ya upole. "Nichukie baadaye, muda upo. Lakini hicho chuma kinakufa na juu yenu kuna watoto wanacheza. Nipishe."

Majirani walikuwa wameshajaa korido. Wifi hakusogea. Msanifu akachukua uzi wa mafundi wa kupimia unyoofu, akampa ncha moja palepale getini. "Shika wewe mwenyewe. Usiniamini mimi wala kompyuta."

Wifi aliishika, akampisha aingie. Walipanda kwenye viti, mmoja kila upande wa chumba, maadui wawili na uzi kati yao. Wakauvuta mpaka ukalia, wakaupandisha taratibu mpaka ukakigusa chuma. Uligusa katikati. Kwenye ncha zote mbili, kati ya uzi na chuma, vidole viliingia.

Wifi alivitoa vidole vyake kwenye nafasi ile. Alishuka kwenye kiti. Aliishika meza ya kulia upande mmoja, akaanza kuiburuza kwenda chumbani, na mafundi wakaingia na nguzo zao.

Jioni alipompigia mumewe, alimtukana sana kwa kulehemu vibaya, kisha akakata simu akawatukana mafundi kwa kumchafulia sakafu.

Habari za uzi zilizunguka majengo yote. Baadhi ya watu walianza kuita wenyewe wapimwe, si kwa mapenzi, kwa woga wa dari zao. Na swali la milango likabaki kwenye kichwa cha msanifu kama jiwe kwenye kiatu. Alilipeleka kwenye modeli kila siku. Alipanua ukuta huu, bei ikapanda. Akaupunguza ule, chumba kikawa kabati. Mwishowe aliacha kupanua, akaanza kutafuta kilichokuwa kinabaki. Modeli ilikuwa inaonyesha kwa rangi ya kijivu vitu vilivyokosa kazi kwenye nyumba mpya, na katikati ya kijivu hicho kulikuwa na milango ya zile stoo ndogo. Nyumba mpya hazikuwa na stoo. Milango ile, myembamba kama ubao wa kupigia pasi, ilikuwa imepangiwa kupasuliwa mbao.

Aliuchukua mmoja kwenye skrini, akausimamisha ubavuni mwa mlango wa kawaida, ndani ya fremu moja. Ule mkubwa wa kila siku, mdogo umefungwa kwa komeo. Ikitokea kitanda au kiti cha magurudumu, unafungua yote. Mlango na nusu. Kisha akazigeuza kuta za ndani ziwe vipande vya boliti, ili mgonjwa akiongezeka nyumbani, watu wazima wawili wenye spana wahamishe ukuta asubuhi moja, bila nyundo wala chuma cha lori. Bei haikupanda. Aliipitia upya kwa sababu hakuiamini, na bado haikupanda.

Mkurugenzi alinung'unika kuhusu fremu, akakubali. Wifi hakukubali.

"Picha nilishaiona moja," alisema. "Ileteni ya kushikika."

Basi mafundi wakang'oa milango miwili kwenye nyumba moja isiyo na mpangaji, wakaifunga kwenye fremu, wakaisimamisha uani katikati, mlango wa kutokea popote kwenda popote. Watu wakatoka kutazama. Fundi cherehani akasukuma magurudumu yake, akapita, akageuza, akarudi. Mara ya pili alisimama, akanyonya kidole.

"Kitasa kinanichuna."

"Kwenye modeli kuna nafasi," msanifu alisema.

"Kompyuta haina vidole," wifi akajibu. Kitasa kikapandishwa. Mara ya tatu fundi cherehani alipita bila kusema kitu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusema, watu walielewa. Karatasi za kukubali kuhama zilianza kutiwa saini wiki hiyo. Ya mwenyekiti ilikuja ya mwisho.

Wapangaji walihamia vyumba vya muda, majengo yakafunguliwa kutoka juu kwenda chini. Msimu mzima malori yalibeba madirisha, mbao, mabati, yakaenda kiwanja cha pili, na nyumba mpya zikapanda, fupi fupi, zenye madirisha yaliyokuwa na umri mkubwa kuliko kuta zao. Wifi alikuja kila wiki kukagua. Alikuta kosa kila wiki. Mara bomba, mara mteremko wa bafu, mara rangi. Msanifu alijifunza kuja na kalamu. Salamu zilirudi, kwa kuwa kazi haiendi bila salamu, lakini zilikuwa salamu za karani na mteja.

Siku ya kukabidhi funguo walikuja wageni wa halmashauri na mpiga picha. Mgeni mmoja aliufungua ule mlango na nusu, akaufunga, akaufungua.

"Hili wazo la nani?"

Msanifu akasema, "La wifi yangu, huyu hapa."

Wageni wakamgeukia wifi wakitabasamu. Yeye hakutabasamu. "Mimi ni mwenyekiti wa wapangaji," aliwaambia. "Mkiandika, andikeni mwenyekiti." Mpiga picha akamwomba asogee karibu na msanifu. Akasema hapo alipo panatosha.

Kaka alifika wageni wakiwa wameondoka, vumbi la safari likiwa bado kwenye kope zake. Aliizunguka nyumba mpya akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, akasifu kila kitu kwa woga, kisha akasimama katikati ya mkewe na dada yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuwa na mtandao wa kukata.

"Dada atakula na sisi leo," alisema. Ilikuwa nusu kauli, nusu swali.

Mkewe alikuwa anafuta vumbi dirishani. Aliendelea kufuta.

"Kama anabaki, achukue bisibisi. Bawaba ya chini ya huo mlango inalia."

Msanifu alikwenda kwenye gari, akarudi na bisibisi. Alipiga magoti kwenye sakafu mpya, akalegeza skrubu, akaipangusa bawaba, akaitia mafuta, akakaza. Alisukuma mlango kwa kidole. Ulikwenda na kurudi bila sauti.

Wifi alikuja akasimama juu yake, kitambaa mkononi. Aliufungua mlango, akaufunga, ametega sikio.

"Bado inalia."

"Hailii," msanifu alisema.

"Inalia."

Msanifu alimtazama wifi yake kutoka chini, akamwona miguu, mikono iliyoanza kuvimba vifundo, uso usiokuwa na nia ya kulegea. Mlango ulikuwa kimya kabisa, na wote watatu walikuwa wanausikia ukimya huo. Akainama tena, akaanza kuilegeza skrubu ya kwanza.